Kipimo cha Mawe

Msomaji, liko neno moja ambalo limenikera tangu nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, na leo nimekusudia kulishtaki mbele yako, wewe uwe hakimu. Siku moja mkufunzi wetu wa historia alichora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto aliandika "Ulaya, Zama za Kati", na chini yake akapanga makanisa makuu, ngome na madaraja ya mawe. Upande wa kulia aliandika "Afrika, wakati huo huo", na chini yake akaandika neno moja tu: "vibanda". Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema asiyependa kutuvunja moyo, akaongeza kwa herufi ndogo: "isipokuwa Gedi na Zimbabwe". Tukanakili. Mtihani ulipofika tuliandika vivyo hivyo, tukapewa alama zetu, tukaenda kufundisha.

Ninalolishtaki si hilo neno "vibanda". Wazee wangu waliishi katika nyumba za miti na udongo, wala sioni haya kulisema. Ninachokishtaki ni ule mstari, pamoja na kipimo kilichojificha nyuma yake: kwamba watu hupimwa kwa mawe waliyoyapanga, kwamba mwenye jengo kubwa ndiye aliyekuwa mtu, na mwenye dogo alikuwa bado akingoja zamu yake ya kuwa mtu. Na shahidi wangu wa kwanza simtoi Afrika. Namtoa huko huko upande wa kushoto wa ubao, katika kikanisa kimoja kilichobomoka, juu ya kisiwa ambacho hata Waskoti wengi hawajapata kukiona.

Kisiwa hicho huitwa Rona. Kiko katika bahari ya Atlantiki, kaskazini mwa Uskoti, kiasi cha kilomita 71 kutoka ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Lewis, nacho kimezungukwa na bahari pande zote. Eneo lake ni hekta 109, yaani shamba ambalo mkulima mmoja wa Trans Nzoia angaliweza kuwa nalo bila kutajwa magazetini. Hakuna mti. Hakuna bandari, chombo hungoja bahari itulie, ndipo mtu aruke juu ya mwamba. Upepo wa huko ni wa namna ambayo wenyeji wa kale walizichimba nyumba zao nusu ardhini, paa zikawa kama vichuguu, ili pepo zipite juu yao bila kuwaona.

Katika mteremko wa kusini, karibu na magofu ya nyumba hizo, ndipo lilipo kanisa la Mtakatifu Ronan. Nasema kanisa, lakini ukionyeshwa picha yake utadhani ni chungu ya mawe iliyoota majani. Mwaka jana niliwaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo kabla ya kuwaambia ni ya wapi. Mmoja alisema ni zizi la mbuzi la Pokot Magharibi. Mwingine, ambaye alikuwa amezuru Migori pamoja na chama cha historia, alisema ni kipande kilichoanguka cha boma la Thimlich Ohinga. Huyo nilimsifu, maana alikuwa ameona jambo la kweli: kuta za Thimlich Ohinga na kuta za Rona zote zimejengwa kwa mawe matupu, bila chokaa wala saruji, jiwe likimshika mwenziwe kwa uzito na kwa akili ya aliyelipanga. Lakini hapana hata mmoja aliyesema Ulaya. Nilipotaja Uskoti darasa zima lilicheka, likidhani nawafanyia mzaha.

Jengo lenyewe lina sehemu mbili. Sehemu ya magharibi ni chumba cha kanisa kilichoongezwa baadaye, katika Zama za Kati, na hicho ndicho kilichoanguka zaidi. Sehemu ya mashariki ni ya kale mno. Wenye elimu ya mambo ya kale huikisia kuwa ya karne ya 7 au ya 8, nayo ingali imesimama karibu nzima. Ni chumba kimoja chenye urefu wa kiasi cha mita 3 na nusu na upana unaozidi mita 2 kidogo tu. Mtu huingia kwa kutambaa. Humo ndani kila safu ya mawe imesogezwa ndani kidogo kupita ile ya chini yake, hata kuta mbili zinakaribia kukutana juu ya kichwa chako, na mwanya uliobaki umefunikwa kwa mawe bapa. Tulipima vipimo hivyo kwa kamba na chaki sakafuni mwetu. Wanafunzi 18 waliingia wakibanana; wa 19 akasema yeye atabaki nje awe mwenye dhambi.

Cheka, msomaji, nami nilicheka. Lakini baada ya kucheka fikiri. Chumba kile kimepigwa na tufani za Atlantiki kwa zaidi ya miaka 1,000 na hakijaanguka. Aliyekijenga hakuwa na mti wa kusimamishia jukwaa wala chokaa ya kuficha makosa. Alikuwa na mawe, mikono, na maarifa aliyoyapata kwa waliomtangulia. Wazee wetu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi tuingie ndani, tuwatazame watu wake.

Mwaka 1549 padre mmoja mwenye cheo, Donald Monro, aliandika habari za visiwa vya magharibi mwa Uskoti. Alilitaja kanisa la Ronan, na wenyeji wa Rona akawaeleza kuwa ni watu wa akili nyepesi wenye dini haba. Hapo hapo anasimulia aliyoyasikia, ya kwamba mtu akifa huko, wenziwe huacha sepetu ndani ya kanisa usiku, na asubuhi hukuta mahali pa kaburi pamekwisha kutiwa alama. Usadiki usisadiki, hayo si juu yangu. Ila nakuuliza: watu ambao kaburi la kila mmoja wao lilikuwa jambo la kuamuliwa mbinguni, wanaitwaje watu wenye dini haba?

Miaka 150 na zaidi ikapita, na mwaka 1703 Martin Martin akachapisha London kitabu chake juu ya visiwa hivyo hivyo. Habari za Rona alizipata kwa mchungaji wa Barvas, parokia ya Lewis, aliyeitwa Daniel Morison, ambaye alikuwa amekwenda huko mwenyewe. Hapa ndipo wale watu wanapoanza kuonekana nyuso. Zilikuwa jamaa 5, wote pamoja wakitimia watu 30 hivi. Walilima shayiri, walifuga ng'ombe na kondoo, na walikula ndege wa baharini. Kanisa lao walilizungushia ukuta wa mawe, na walilifagia kila siku. Jumapili asubuhi walikusanyika humo wakasema Sala ya Bwana, Imani ya Mitume na Amri Kumi, bila padre, maana padre hakuwapo. Walikuwa wameyahifadhi moyoni, wakirithishana baba kwa mwana, kilomita 71 kutoka kwa mtu yeyote wa kuwasahihisha.

Mchungaji alipofika walichinja kondoo 5. Ngozi za kondoo hao walizichuna nzima nzima zikawa mifuko, wakaijaza unga wa shayiri, wakampa kuwa zawadi, wakimshukuru kwa maneno ya heshima kwa kuihatirisha nafsi yake baharini kwa ajili yao. Mtumishi wake naye alipewa unga, kwa kuwa naye alikuwa mgeni. Mabaharia waliomleta hawakupewa zawadi, ila chakula cha kila siku tu, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufika Rona siku za nyuma, na mtu aliyewahi kufika si mgeni tena. Itazame sheria hiyo, ewe kijana uliyelelewa katika "mgeni njoo, mwenyeji apone". Ni sheria iliyokatwa kwa makini, yenye daraja zake na sababu zake. Mtu asiye na fikira hatungi sheria ya namna hiyo.

Na hapa, msomaji, dharau inajitokeza. Kitabu hicho hicho kinachotupa habari nzuri kama hizi kinasimulia pia, kwa kicheko, jinsi watu wa Rona waliokwenda Lewis walivyostaajabu kuona farasi, hata mmoja aliposikia farasi akilia akauliza kama mnyama yule anamcheka. Hadithi kama hiyo umeisoma mara ngapi juu ya watu wetu? Mwafrika na kioo, Mwafrika na gari la moshi, Mwafrika na santuri! Msafiri aliyeandika hivyo juu yetu hakulizua jambo jipya. Alikuwa amekwisha kujizoeza kwao.

Kisha kuna dharau ya pili, ambayo ni hatari zaidi kwa kuwa imevaa kanzu ya sifa. Twaambiwa kwamba watu wa Rona hawakujua maovu yaliyoenea duniani, hawakujua fedha wala dhahabu, hawakutamani mali, walitosheka na chakula na nguo. Je, ndivyo walivyo binadamu? Watu waishio 30 juu ya hekta 109 hawakosi kugombania mpaka wa shamba. Anayekwambia kwamba wewe huna tamaa wala hila anakuondoa katika jamii ya watu wazima, akuweke pamoja na watoto na malaika, na wote wawili hawaulizwi kitu panapokatwa shauri. Nawe usidhani mwandishi yule alikuwa mgeni wa lugha. Alizaliwa kisiwa cha Skye, na Kigaeli kilikuwa lugha ya kwao. Alikwisha kusoma, akapanda mjini, akawatazama ndugu zake kwa darubini ya London. Wako wa namna hiyo kwetu pia, na huenda mimi ni mmoja wao. Ndiyo maana nakuomba unichunguze.

Dharau hiyo ilikua. Mwaka 1773 Samuel Johnson, mtunga kamusi maarufu wa Uingereza, alizuru visiwa vya Uskoti, na katika kitabu chake cha mwaka 1775 alikihukumu Kigaeli kuwa ni lugha ghafi ya watu washenzi wenye mawazo machache, isiyopata kuwa na maandishi ya maana. Naye hakukijua Kigaeli. Kitabu cha kwanza cha lugha hiyo kilikuwa kimechapishwa Edinburgh tangu mwaka 1567, miaka 200 na ushei kabla ya hukumu yake! Sheria ya elimu ya Uskoti ya mwaka 1872 ilipowalazimisha watoto wote kwenda shule, haikukitaja Kigaeli hata kwa neno moja, na wazee wa visiwani walisimulia habari za fimbo iliyotungikwa kwa kamba shingoni mwa mtoto aliyenaswa akikisema. Nilipozisoma habari hizo mkono wangu ulipanda wenyewe ukashika shingo. Mimi nilikivaa kibao shuleni, kwa kosa la kumwuliza mwenzangu, kwa lugha ya mama yangu, kalamu yangu iko wapi.

Sasa nifike kwa Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford. Mwaka 1963, mwaka ule ule bendera yetu ilipopandishwa, alitoa mihadhara iliyoonyeshwa katika televisheni, akasema kwamba historia ya Afrika haipo, ila ile ya Wazungu waliokuwa Afrika. Yaliyobaki ni giza tupu. Akawaonya wasikilizaji wasijishughulishe na nyendo za makabila yaliyo katika pembe za dunia, pembe ambazo huenda zikapendeza macho lakini hazina uzito. Walimu wetu walimjibu, na wakamjibu vizuri. Lakini jambo ambalo halitajwi sana ni hili: mtu huyo huyo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1983, aliwageukia watu wa nyanda za juu na visiwa vya Uskoti, akashikilia kwamba kabla ya mwisho wa karne ya 17 hawakuwa watu wenye sura yao wenyewe, bali mabaki yaliyofurika kutoka Ayalandi. Kweli, lugha yao na watakatifu wao wa kwanza waliungana na Ayalandi kwa bahari. Bahari ndiyo kazi yake. Pwani yetu imeungana na Uarabuni na Bara Hindi kwa pepo za kaskazi na kusi, na waungwana wa Lamu hawakupata kuwa mafuriko ya mtu. Lakini umeuona mkono wenyewe? Ni ule ule. Pembe ya dunia kwake haikuwa Afrika peke yake. Pembe ilikuwa mahali popote ambapo jengo ni dogo na mwenye jengo hajui Kiingereza.

Nimemaliza na maadui. Marafiki wanaosema "isipokuwa Gedi na Zimbabwe" ndio walionifanya nishike kalamu.

Rafiki huyu anaposikia tumedharauliwa, hukimbilia mawe. Hutaja msikiti mkuu wa Gedi, kuta za Zimbabwe, kasri ya Husuni Kubwa huko Kilwa, akasema: tazameni, nasi tulijenga! Majengo hayo ni fahari yetu kwa haki, wala simkatazi mtu kuyatembelea. Lakini jibu hilo limekwisha kukubali kipimo cha mshtaki. Linasema: ni kweli, asiye na mawe si kitu, ila sisi tunayo kidogo. Na wale wasio nayo je? Wewe usomaye hapa huenda umetoka mahali ambapo hakuna gofu hata moja, wala ramani ya darasani haikupatilia hata nukta. Rafiki huyu amekutetea kwa kukuacha nje ya mlango.

Wala hasara yake si ya heshima peke yake. Ni hasara ya elimu pia. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alikiita kitabu chake cha mwaka 1954 kwa jina la kuufanya mji ule kuwa mji wa Waarabu. Kwa nini asiseme hivyo? Ukianza kuhesabu historia ya mji siku ya jiwe la kwanza, utamtafuta aliyeleta jiwe, na macho yako yatatazama baharini. Ndipo katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenziwe wakachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka chini kabisa wakakuta dalili za kimsikiti kidogo cha miti cha karne ya 8. Matundu ya nguzo katika udongo, basi! Watu wa Shanga walikuwa wakiswali katika chumba cha miti pale pale walipokuja kujenga kwa mawe vizazi vingi baadaye. Wenye kipimo cha mawe walikuwa wamewanyang'anya watu wale vizazi vyote hivyo. Na ukikumbuka, msomaji, kwamba karne hiyo ya 8 ndiyo yamkini ile ile ambamo kuta za Ronan zilikuwa zikisogea kukutana juu, utaona kwamba ule mstari wa ubaoni haugawanyi chochote. Huku watu wachache katika chumba kidogo cha miti, kule watu wachache katika chumba kidogo cha mawe, kila mmoja akielekea upande wake wa ibada.

Utaniambia: mwalimu, mbona husemi habari za kanisa kuu la Durham, lililoanza kujengwa mwaka 1093, ambalo paa lake la mawe linawastaajabisha wahandisi mpaka leo? Nasema, na ninalistaajabia. Lakini Durham na Rona ni vya kisiwa kimoja kikubwa na vijukuu vyake, vya zama zile zile, vya dini ile ile. Ikiwa Durham ndiyo "Ulaya", Rona ni nini? Mkufunzi wangu angaliifuta, kwa kuwa inaharibu safu yake. Aliifuta bila kujua ipo, kama alivyofutiwa na waliomfundisha. Nami namwambia kwamba maskini wa Ulaya walikuwa wengi kuliko maaskofu wake, na anayewafundisha watoto wa Kenya kwamba Ulaya ilikuwa makanisa makuu tu amewadanganya juu ya Ulaya kabla hajawadanganya juu ya Afrika.

Sasa nisimulie mwisho wa watu wa Rona, maana nimeuchelewesha kwa kusudi.

Katika miaka ya 1680 panya walifika kisiwani. Yamkini walitoka katika chombo kilichovunjika. Kwa muda mfupi walikula shayiri yote. Miezi michache baadaye mabaharia wageni waliteremka Rona, na watu wale wenye njaa walikuwa wamebakiwa na fahali mmoja; mabaharia wakamwiba. Kisha mwaka mzima ukapita bila chombo cha kuwaletea chakula kutoka Lewis. Wote wakafa. Msimamizi wa kodi za kisiwa cha St Kilda, aliyesukumwa huko na tufani, alimsimulia Martin kwamba alimkuta mwanamke amelala kando ya mwamba na mtoto kifuani pake, wote wawili wamekufa. Panya nao walikufa kwa njaa baadaye. Watu wengine wakapelekwa kukaa humo, lakini hao nao waliangamia kwa ajali ya mashua karibu na mwaka 1695. Baada yao waliishi wachungaji wa kondoo na jamaa zao, mpaka mwaka 1844. Mwaka huo Lewis ilinunuliwa na James Matheson, aliyetajirika kwa biashara ya kasumba huko Uchina, na shauri aliloliona juu ya Rona lilikuwa kuipa serikali iwe mahali pa wafungwa. Serikali ilikataa. Sisi wa Kenya twaijua fikira hiyo: Lodwar, Lokitaung, Manda na Mageta zilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla mkoloni hajaziona kuwa zinafaa kwa kufungia watu.

Siku hizi Rona ni ya ndege na sili. Frank Fraser Darling, mtaalamu wa viumbe, aliishi huko pamoja na mkewe na mwanawe mwaka 1938 ili awachunguze sili, na katika kukaa kwake akakisafisha kile chumba cha Ronan kilichokuwa kimejaa kifusi. Mwaka 1956 kisiwa kikatangazwa hifadhi ya taifa. Jiwe moja lenye umbo la msalaba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa kaburini likapelekwa Lewis. Katika kuta za nyumba zilizoanguka ndege wadogo wa baharini hutaga mayai yao usiku. Ni mahali pazuri, nasikia, na wanaopafika hupasifu kwa kuwa ni pori lisiloguswa na mtu. Neno hilo nalo ningelishtaki, nafasi ingenitosha. Matuta ya shayiri yangali yanaonekana chini ya majani.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii nilitaraji waniulize juu ya mawe, au juu ya panya. Palikuwa kimya kidogo. Kisha msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwao ni mbali sana na barabara ya lami, na ambaye katika muhula mzima hakuwa ameinua mkono zaidi ya mara mbili, akasimama.

"Mwalimu," akasema, "wale watu walikuwa wakitoa kodi?"

Nikamwambia ndiyo, walitoa. Unga katika ngozi za kondoo, na ndege waliokaushwa.

"Sasa ule mwaka ambao mashua haikuja, aliyekuwa akipokea kodi alikuwa wapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuchora mstari katikati ya ubao, upande huu Ulaya na upande huu Afrika, ili niwaonyeshe ubaya wake. Niliufuta kwa kiganja, nikampa chaki, nikamwambia aje aliandike swali lake pale katikati.